Malaria Niliyoiona Angani

Keti, mwanangu, na kama viatu vya hiyo sare mpya vinakubana, vivue. Hapa hakuna mkaguzi. Umeniambia umepangiwa zahanati upande wa Mkata, na kwamba usingizi hauji kwa kuogopa kukosea. Nisikilize basi. Sitakuambia kwamba hutakosea. Nitakusimulia kosa langu moja, nililolifanya mahali ambapo wauguzi wachache wa Handeni wamewahi kukosea: ndani ya ndege, juu ya milima yenye barafu, mgonjwa akiwa mume wangu mwenyewe.

Kwanza uelewe tulivyofanya kazi siku zile. Zahanati yangu ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, iliyojengwa na wanakijiji wenyewe mara baada ya watu kuhamia pamoja katika kijiji cha ujamaa. Nilikuwa na kipimajoto kimoja, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano, kopo kubwa la vidonge vya klorokwini, na daftari. Darubini ya kuangalia damu ilikuwa hospitali, Korogwe, na basi la kwenda huko lilipita likipenda. Kwa hiyo malaria hatukuipima. Tuliitambua kwa macho na mikono, na mara nyingi mgonjwa alikuwa ameshaitambua mwenyewe kabla hajatoka nyumbani.

"Nesi, nina malaria, nichome sindano niondoke, mbuzi wangu wako nje."

Mzee mmoja aliangukiwa na gogo, akaja akichechemea, akaniambia malaria imeshuka kwenye kidole gumba cha mguu. Nilimfunga kidole. Kisha nikampa na klorokwini, maana asingeondoka bila hiyo.

Usicheke sana. Mara nyingi walikuwa sahihi. Bonde lile lilikuwa na mbu wa kutosha, na homa nyingi zilikuwa malaria kweli. Ndiyo sababu mkono wangu ulizoea kuandika neno hilo daftarini kabla mgonjwa hajamaliza kueleza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Mhina, mganga msaidizi wa hospitali, mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Yeye alifundisha kwa mikono. Kabla ya kumgusa mgonjwa tumboni, aliingiza viganja vyake kwapani akavipasha joto huku akizungumza habari za mvua na mahindi. "Tumbo likishtuka," alisema, "halikuambii kitu." Alinifundisha kulitafuta bandama: mgonjwa alale chali, akunje magoti, wewe usimame kulia kwake, vidole uviweke chini ya mbavu za kushoto, umwambie avute pumzi taratibu. Kama bandama limevimba, litakuja lenyewe kugusa vidole vyako, kama paka mdogo anayesukuma kichwa. Usilifukuzie kwa nguvu, linaweza kupasuka. Watoto wetu wa bondeni walikuwa wakicheza mpira wakiwa na mabandama yaliyoshuka vidole vitatu chini ya mbavu, kwa sababu ya malaria ya mara kwa mara.

"Bandama la malaria ni la kimya," Bwana Mhina alikuwa akisema. "Linakua bila kugomba na mtu."

Nililiandika hilo, nikalisahau. Mikono yangu ilisifiwa mpaka na mimi nikaanza kuisifu.

Sasa mume wangu. Rajabu alikuwa bwana afya. Alitembea kijiji kwa kijiji na fimbo yenye alama, akipima kina cha mashimo ya vyoo na kuchungulia visima. Akionekana kwa mbali, kila mwenye kaya alikumbuka safari ya shambani. Wakati ule viongozi wetu walikuwa wakipeleka watu China kwenda kuona jinsi wanavijiji wa huko walivyofundishwa kutibu wenzao. Wilaya yetu ikaambiwa itoe watu wawili. Mimi nikachaguliwa kwa ajili ya zahanati, yeye kwa ajili ya vyoo. Shangazi yake alisema serikali imetupeleka wote wawili ili tusichoshe posta.

Tulikuwa watu sita, pamoja na kiongozi wa msafara, ambaye sisi tulimwita Ndugu Kiongozi tu. Kule China tulipewa mkalimani kijana, Ndugu Lin, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na hajawahi kukanyaga Afrika. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka kikatutia aibu. Asubuhi moja Rajabu alimwambia, "Lin, kazi inaenda?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Kazi inaendelea vyema, ndugu yangu, na ni matumaini yangu kwamba umelala salama salimini." Rajabu akanigeukia. "Mama Zaina, huyu tungempeleka Korogwe, wangemfanya hakimu."

Baada ya wiki moja mjini tuliambiwa tutapelekwa wilaya moja ya juu kabisa, nyuma ya milima. Tulipanda ndege ndogo ya injini mbili za mapanga. Hapa nikueleze jambo ambalo sikulijua siku ile. Ndege kubwa iliyotutoa nyumbani hufunga hewa ndani yake, kiasi kwamba hata ikipaa juu sana abiria unapumua karibu kama uko chini. Hii ndogo haikuwa hivyo. Kadiri ilivyopanda, ndivyo hewa ilivyopungua kwa kila aliyekuwemo. Mimi niliona tu kwamba kichwa kinauma na kwamba Ndugu Kiongozi, ambaye hotuba zake zilikuwa ndefu, alikuwa anamaliza sentensi zake mapema.

Rajabu alikaa dirishani. Milima ilikuwa myeupe imepangana, na katikati yake mabonde meusi. Aliitazama muda mrefu, kisha akatingisha kichwa kwa huruma.

"Pale choo hakichimbiki," alisema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya mzaha kwa muda. Ndege iliruka kama basi lililoparamia mzizi, ikapanda zaidi, na Rajabu akajikunja upande wa kushoto.

"Nini, Baba Zaina?"

"Sijui. Kama mtu amenichoma kisu hapa, chini ya mbavu. Na bega nalo."

Tulimlaza sakafuni kati ya viti. Nilipasha mikono yangu kwapani kama nilivyofundishwa, nikaviweka vidole. Bandama lilikuwepo. Lilikuja mpaka kwenye ncha za vidole vyangu, na nilipoligusa Rajabu alinishika mkono akanibana mpaka ukaniuma. Jasho lilikuwa linamtoka wakati sisi wengine tulikuwa tunatetemeka kwa baridi. Jasho, bandama, mtu wa Handeni. Nikasimama nikatangaza mbele ya wote, kwa sauti ya nesi anayejua kazi yake:

"Ni malaria. Ameitoa nyumbani."

Kila mtu alishusha pumzi. Malaria tuliijua. Nilikuwa na vidonge kwenye mkoba, nikamnywesha vinne na chai ya Ndugu Lin. Lin akaenda mbele kumweleza rubani, akarudi.

"Ndugu rubani anauliza, je, maradhi haya huambukizwa kwa pumzi?"

"Mwambie hapana. Yanaletwa na mbu."

Akaenda, akarudi tena. "Ndugu rubani anasema hapa hakuna mbu hata mmoja."

Ndugu Kiongozi alicheka. Mimi nilikasirika. Nilimweleza Lin kwamba malaria hukaa mwilini siku nyingi kabla ya kutokea, jambo ambalo ni kweli kabisa. Ukiwa na ukweli mmoja mkononi ni rahisi sana kuutumia kufunika mwingine.

Rajabu hakupata nafuu. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Halafu akaanza kusema Kizigua. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, baba yangu alikuja kukata mkonge kutoka kusini, na Kizigua changu ni cha sokoni. Rajabu nyumbani alisema nami Kiswahili. Mtu akirudi kwenye lugha ya mama yake, mwanangu, ujue maumivu yamepita kiwango chake. Lin aliinama akasikiliza, kalamu mkononi, uso umemshuka.

"Mama, maneno haya hayamo katika kamusi yangu."

"Hata kwenye yangu, mwanangu," nikamwambia, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nilikaa sakafuni, kichwa chake mapajani mwangu. Sikuwa na kingine cha kufanya ila kumtazama. Na kwa kuwa nilikuwa namtazama tu, bila kutafuta malaria, nikaona. Kulikuwa na wingu kubwa mbele. Rubani alishuka kidogo kulizunguka, masikio yangu yakazibuka, na mikono ya Rajabu ikalegea. Akavuta pumzi nzima. Tulipolipita wingu ndege ikapanda, masikio yakaziba, naye akajikunja tena. Nikafikiri ni bahati tu. Ikashuka mara ya pili kukwepa upepo, akalegea. Ikapanda, akajikunja. Nikaweka kidole juu ya shati lake, juu juu, hata sikubonyeza. Aliguna kama mtu niliyempiga.

Bandama la malaria ni la kimya. Hili lilikuwa linapiga kelele, na lilikuwa linapiga kelele kila tulipopanda.

Sikujua ugonjwa huo unaitwaje. Elewa hilo. Nilijua mambo mawili tu: kwamba haukuwa ule nilioutangaza, na kwamba juu palikuwa panamuua mume wangu.

"Ndugu Lin, mwulize rubani mbele yetu kuna nini."

Akauliza. "Anasema mbele kuna safu iliyo ndefu kupita hizi zote. Tutapanda juu zaidi kwa muda wa dakika arobaini, ndipo tushuke."

"Na tukirudi?"

"Tukirudi, milima itazidi kuwa mifupi. Baada ya nusu saa tutakuwa chini."

"Mwambie arudi."

Ndugu Kiongozi alikuwa amesikia. Hakuwa mtu mbaya, nataka nimtendee haki. Upande wa pili watu walikuwa wamepangwa uwanjani tangu asubuhi, na alijua kurudi si jambo dogo kwa wenyeji wetu wala kwake.

"Nesi, subiri. Dakika chache zilizopita umetuambia malaria. Umeshampa dawa. Dawa inataka muda."

"Nimekosea."

"Umekosea vipi? Wewe ndiye mtaalamu hapa."

"Nimekosea, Ndugu Kiongozi. Si malaria. Sijui ni nini, ila tukipanda anaumwa na tukishuka anapata nafuu. Nimeona mara mbili. Tukivuka hiyo safu sidhani kama nitashuka na mtu aliye hai."

"Na wale wanaotungoja tuwaambie nini?"

"Waambie nesi kutoka Tanzania amekosea."

Nilisema hivyo nikiwa nimekaa chini, skafu imenivuka kichwani, mbele ya watu watano ambao walikuwa wamenisifu safari nzima. Ulimi ulikuwa mzito. Nakuambia ili siku yako ikifika usidhani ni wewe peke yako. Lakini kazi ya kulitamka iliisha mara moja, na baada yake kichwa changu kilikuwa chepesi, nikaweza kufikiri.

Ndugu Kiongozi alimtazama Rajabu. Akavua koti lake zito, la kukopeshwa na wenyeji, akamfunika nalo. "Lin," akasema, "mwambie ndugu rubani ageuze. Aseme ni mimi niliyeomba."

Ndege ikalala ubavu, na milima yote ikahamia dirisha la pili. Kisha nikauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwanzoni: hawa wanaorusha ndege huku kila wiki wanapumuaje? Kumbe walikuwa na mtungi wa oksijeni wa kwao. Rubani msaidizi akauleta mwenyewe, akapiga goti, akamvisha Rajabu kinyago kwa mikono taratibu kama ya mkunga. Nikahesabu pumzi zake mpaka tulipogusa ardhi. Karibu na uwanja alifungua macho, akakisogeza kinyago.

"Mama Zaina."

"Nipo."

"Ile dawa chungu ulinipa ya nini?"

Nikakirudisha kinyago puani pake.

Hospitalini tulikuta daktari mmoja mwanamke, wa makamo, aliyewahi kufanya kazi Afrika na kundi la madaktari wa kwao. Aliposikia tumetoka wapi na tulipokuwa tunakwenda, aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameshapata jibu, lakini hakulisema. Hilo nililiangalia sana. Alitoa tone la damu ya Rajabu kidoleni, akalifunika kwa kioo lisipate hewa, akalingoja. Baadaye aliniita kwenye darubini. Chembe za damu ambazo zilipaswa kuwa za mviringo, nyingi zilikuwa zimejikunja. Akanichorea kwenye karatasi.

"Anasema," Lin akatafsiri, "damu ya mumeo ikikosa hewa huchukua umbo la mundu."

Rajabu alikuwa kitandani, amelishwa uji, na tayari amerudi kuwa yeye. "Mundu," akasema. "Na nyundo je, ameiona?"

Lin hakujua kama inaruhusiwa kucheka. Daktari alimlazimisha atafsiri, akacheka kwanza yeye.

Asubuhi iliyofuata ile klorokwini yangu ikaanza kumwasha. Unajua inavyowasha. Rajabu alijikuna kuanzia utosini mpaka nyayo, na madaktari vijana wakaitana kuja kuona ugonjwa mpya. Ilinibidi nimwambie Lin ukweli, kwamba huo si ugonjwa, huo ni mimi.

Sasa nikufafanulie ugonjwa huo wa damu, maana utakutana nao. Siku hizi mnaita selimundu, au sikoseli. Mtu akiurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, kama Rajabu, anaishi vizuri, analima, anapima vyoo vyake, na huenda asijue mpaka anakufa mzee. Hata malaria kali humwogopa kidogo, ndiyo maana watu wa aina hiyo ni wengi kwetu bondeni. Usimtishe. Ila akipelekwa juu sana, penye hewa haba, baadhi yao chembe hujikunja na kuziba mishipa ya bandama. Dawa ya kwanza ni kushuka. Akiurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hilo ni jambo jingine. Huyo hahitaji mlima. Anaumwa palepale nyumbani, tangu utotoni.

Daktari yule alinieleza dalili za watoto hao: mikono na miguu kuvimba, macho kuwa ya njano, maumivu ya viungo yanayokwenda na kurudi, hasa wakati wa baridi. Lin alikuwa anatafsiri neno moja moja, na mimi nilikuwa namwona mtoto. Anaitwa Salima, wa kitongoji cha pili kutoka zahanati yangu, miaka minne. Nilikuwa nimemwandika daftarini mara nyingi.

Tuliporudi nyumbani, kabla sijafungua mizigo, nilifungua daftari. Salima, malaria. Salima, malaria. Salima, malaria, mikono imevimba. Maandishi yangu mazuri, yamenyooka. Nikatembea mpaka kwao. Mama yake alikuwa anamenya mihogo, hakuinuka.

"Karibu, nesi. Umetuletea nini kutoka Ulaya?"

"Si Ulaya, mama. Nimekuja kwa ajili ya Salima. Nadhani kile nilichokuwa namtibu sicho."

Akaendelea kumenya. "Nilikuambia. Nilikuambia mara mbili kwamba malaria naijua, nimezaa watoto watano, na hii siyo. Ukaniambia nimpe vidonge vyote asiteme."

"Ni kweli uliniambia."

"Watu wakaniambia nimerogwa. Wewe ukaniambia malaria. Mimi nikabaki na mtoto wangu analia mikono."

"Uliona vizuri kuliko mimi, mama. Naomba twende wote Korogwe akapimwe damu. Nitakaa nanyi mpaka majibu yatoke."

Akakifuta kisu kwenye khanga, akamwita Salima.

Majibu yakawa ndiyo, ni damu ya mundu. Siwezi kukuambia kwamba alipona, maana wakati ule hatukuwa na cha kumponya. Lakini tulijua sasa cha kufanya: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, apewe kinga ya malaria kila wiki, aletwe mapema akipata homa, na asitibiwe maumivu kwa vidonge vichungu visivyomhusu. Zile siku za kulia zilipungua. Alisoma. Alikuwa ananijia zahanati mwenyewe na chupa yake ya maji, ananionyesha imebaki nusu. Rajabu alimwita "mwenzangu wa mundu", na kila alipopita na fimbo yake ya vyoo alisimama kwao kumsalimia kwanza.

Ninyi leo mna kipimo cha malaria cha kidole ndani ya droo. Kitumieni, ni kitu kizuri, mimi ningekililia. Lakini kipimo kinajibu kile ulichokiuliza tu.

Kwa hiyo Jumatatu, ukishapokea funguo, fungua madaftari ya aliyekutangulia. Tafuta jina la mtoto lililorudi mara tatu kwa ugonjwa uleule. Mtafute nyumbani kwao, mwulize mama yake anadhani ni nini, na uandike jibu lake kama alivyolisema. Kisha mpeleke mtoto akapimwe damu, na wewe uende naye.